Petroli inayonuka asubuhi tu

Harufu huanza saa kumi na mbili asubuhi, umande ungali juu ya paa la gari. Mwenye gari anazunguka nyuma, anainua mfuniko wa injini na kunusa: ni petroli, haina ubishi. Anapapasa huku na huku, vidole vinatoka vikavu. Saa nne, akifika gereji na injini imeshapata moto, hakuna harufu wala tone. Fundi anakaza klipu mbili, anachukua hela ya soda, na kesho yake asubuhi harufu iko palepale.

Wenye Volkswagen Beetle kuukuu wanakijua kisa hiki. Gari hilo liliundwa kwa zaidi ya milioni 21 kabla ya la mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Kenya lina heshima yake ya pekee, maana mwaka 1962 lilishinda Safari Rally. Ila tangi lake liko mbele na injini iko nyuma. Petroli husafiri katika paipu ya chuma iliyopita ndani ya uti wa gari, ikaibukia karibu na giaboksi. Hapo inapokewa na kipande cha mpira, inapenya bati la injini, kisha mpira mwingine unaipeleka kwenye pampu, na mwingine tena kwenye kabureta. Kila ungio hapo ni mshukiwa.

Fundi anayeijua kazi haanzi na bisibisi. Anauliza: linanuka lini? Likiwa limelala au likiunguruma? Ulilijaza mafuta lini? Unaliegesha wapi?

Likinuka asubuhi ya baridi tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mpira umezeeka na kuwa mgumu. Baridi inaukaza, unaachana na chuma kwa upenyo mdogo kuliko unywele. Injini ikipata joto mpira unalainika na kuziba tena, ndiyo maana gari likifika gereji linajifanya halina kosa. Likidondosha pale tu pua inapotazama mlimani, utazame mpira wa kwenye giaboksi: uko chini, na petroli ya tangini inaulemea kwa uzito wake yenyewe, hata injini ikiwa imezimwa.

Halafu kuna wale wa kujaza mpaka mdomoni. Petroli huongezeka ujazo kwa takriban sehemu 1 ya 1,000 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Tangi la lita 40, likijazwa mafuta ya baridi kutoka chini ya ardhi na kuanikwa juani hadi yapande nyuzi 20, hudai nafasi ya ziada ya karibu robo tatu ya lita. Robo tatu hiyo itatafuta njia, kwenye shingo ya tangi au kwenye gasketi ya geji. Mafuta yakipungua, harufu nayo inakwisha, na mwenye gari anadhani amepona.

Tone lenyewe ni shahidi mwongo. Petroli hutambaa juu ya paipu na kudondokea mbali na ilikotokea, na ikigusa bati la moto huyeyuka hewani kabla hujaiona. Bora kutafuta nyayo zake: mchirizi safi katikati ya vumbi, au doa la rangi ya chai. Mafundi wengine hufuta kila ungio, wakalipaka poda ya mtoto na kutandika boksi safi chini ya gari usiku kucha.

Paipu za mpira za Beetle zilivishwa shati la nyuzi, na shati hilo ndilo linalodanganya. Kwa macho ni nzima. Ikunje kati ya vidole: nyuzi zinalowa polepole, na chini yake mpira umepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kisha, injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika kidole cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta na ukizungushe. Kilishindiliwa tu mahali pake, na mtikisiko hukilegeza. Kikizunguka, gari hilo lisiwashwe, kwa sababu distributa yenye cheche haiko mbali.

Uchunguzi wote huu ufanyike betri ikiwa imefunguliwa, kwa tochi, si kwa taa ya waya yenye balbu ya kioo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya kwenye shimo la gereji. Na mpira wa kabureta usifungwe kwenye gari la injekta, hata ukiingia vizuri: presha ya huko ni takriban mara kumi.

Kama gari lako linanuka asubuhi na huoni kitu, usiliendeshe kulipeleka gereji. Mlipe fundi nauli, aje kwako alfajiri, kabla halijawashwa.