Zukini Zinazooza Zingali Changa

Ndugu mkulima, zukini zako changa zikigeuka manjano na kuoza nchani, usiung'oe mmea upesi. Mara nyingi si ugonjwa, bali ua jike halikupata unga wa ua dume. Kama katika maboga, ua jike lina kitunda nyuma yake. Ua dume lina kikonyo kitupu. Maua hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na penye joto kali unga huharibika mapema. Basi nyuki wakikosekana, chuma ua dume kabla ya saa tatu asubuhi, ondoa majani yake ya manjano, ulipake katikati ya ua jike. Wala usinyunyize dawa ya wadudu maua yakiwa wazi, maana utawaua nyuki, watumishi wako wasiodai mshahara.