Mtoto Mdogo na Mikono Yake

Alasiri moja nilikuwa nikipita katika mtaa mmoja wa mji wetu wa Goma, nikamwona mtoto wa miaka miwili hivi ameketi mbele ya nyumba ya mbao. Alikuwa akichota mchanga mweusi kwa kifuniko cha bidoni na kuumwaga polepole juu ya mguu wake. Ulipokwisha, alianza tena. Mara mama yake akatoka, akampangusa kwa nguvu, akamketisha mkekani, akisema: “Tulia hapa, usijichafue!” Mtoto akalia sana.

Mama yule alikuwa na haki yake. Mji wetu umejengwa juu ya mawe yaliyotapikwa na mlima wa moto, nayo hunywa mvua yote. Hatuna vijito, na maji mengi hutolewa ziwani. Anayebeba bidoni la lita 20 kichwani hawezi kufurahi akiona nguo safi inachafuliwa. Lakini mtoto naye alikuwa kazini. Alikuwa akijifunza uzito, wingi, joto na ubaridi, mambo ambayo hakuna mwalimu awezaye kumweleza kwa maneno.

Wazazi wapenzi, wengi wetu twadhani kwamba mafunzo huanza siku mtoto anapovaa sare ya shule. Maria Montessori, mganga wa Italia, hakufikiri hivyo. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto huko Roma, katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Humo watoto walipewa vipande vya nguo laini na vya nguo nzito, wakafungwa macho, wakatafuta kwa vidole vipande vilivyofanana. Kadhalika walipapasa mbao zenye sehemu laini na sehemu za kukwaruza kabla ya kushika kalamu. Wale walikuwa wakubwa kidogo kuliko mtoto niliyemwona, lakini njia ni ileile: vidole hutangulia.

Sisi wa Goma tuna hazina ambayo Roma haikuwa nayo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulitapika, na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 tukakimbia tena. Mawe yale yaliyotuletea msiba yamezunguka nyumba zetu hadi leo. Basi, twaa jiwe moja jeusi lenye matundu, lakini chagua lisilo na ncha kali, maana mengine hukata ngozi. Tafuta na jiwe la mviringo lililolainishwa na mawimbi ya Ziwa Kivu. Yote mawili yawe makubwa kuliko ngumi ya mtoto. Yaweke mbele yake, umwache ayashike. Mwambie, “Hili lakwaruza, hili ni laini.” Yaanike moja juani na jingine kivulini, naye atajua moto na baridi. Yatie katika kikapu, umfunike macho kwa kitenge, uone kama atalitambua lile alipendalo. Mtoto wangu wa kwanza alilala na jiwe lake la ziwani muda wa juma zima. Mama yake alicheka, lakini hakumnyang’anya.

Jiwe pana jeusi ni ubao wa shule usiouzwa. Mpe mtoto kipande kinene cha chaki, achore apendavyo. Usimuulize kila mara, “Hiki ni nini?” Kwa umri wake mstari ni mstari tu, na furaha yake ni kuona kwamba mkono wake umeacha alama. Mvua itaufuta.

Ukipika bugali, bakiza donge dogo kama yai, lipoe kabisa, ulikande kwa matone mawili ya mafuta. Mtoto atalifinya, atalibonyeza, atalikata kwa kijiti. Najua wazee watanung’unika kwamba chakula si cha kuchezea, hasa tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025 na mifuko yetu ikakauka. Nakubaliana nao. Kwa hiyo chukua mabaki ya sufuria tu, na jioni wape kuku, kwa sababu donge huchacha upesi.

Rangi pia si ghali. Manjano ya dukani hutoa rangi yake yenyewe, makaa yaliyopondwa na kuloweshwa hutoa nyeusi, majani ya lengalenga hutoa kijani. Changanya na uji mzito uliopoa, umpe apake kwa vidole juu ya boksi kuukuu. Usitumie sombe mbichi: yajulikana kuwa ina sumu kabla ya kupikwa vizuri, na mtoto wa umri huu hutia kila kitu mdomoni. Kwa sababu hiyohiyo maji ya kuchezea yawe safi kama ya kunywa. Kikombe, kijiko na beseni lenye maji ya vidole vitatu vyatosha; kisha maji hayo yatapiga deki. Lakini mtu mzima asiondoke hata kidogo. Mtoto aliyeanguka kifudifudi aweza kufa katika maji machache kama hayo, bila kelele.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Binti yangu wa pili alipokuwa na miaka miwili, nilimpa bakuli la maharage ayahamishe kwa mkono, nami nikawa nasahihisha madaftari. Nilipoinua kichwa, harage moja lilikuwa limo puani. Nilijaribu kulitoa kwa kidole, likazidi kuingia. Muuguzi aliyelitoa alinikaripia, naye alikuwa na haki: tungepaswa kumpeleka kwake bila kuligusa. Tangu siku ile, punje, vifungo na vikokoto haviingii mikononi mwa mtoto wetu yeyote kabla ya miaka mitatu.

Limebaki jambo la mahali. Wenye kukaa upande wa magharibi, kuelekea Sake, walijua mazuku tangu zamani. Ni hewa nzito ya kaboni itokayo ardhini, haina rangi, nayo hutuama mabondeni na katika mashimo kama maji. Mtu mzima aweza kupita salama, huku mtoto anayecheza chini amezama ndani yake. Hewa hiyo huzidi usiku na asubuhi na mapema, kabla jua na upepo havijaitawanya. Ukiona shimo lenye majani yaliyokauka bila sababu, au ndege na panya waliokufa, mtoto asikaribie. Mtandikie mkeka mahali palipoinuka, penye upepo, jua likiwa limepanda, na kikapu chake cha mawe kando yake.