Kidari cha ng'ombe: Jinsi ya kukipika kwa moshi nyumbani

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, nyama choma haihitaji mwalimu. Kuanzia soko la Burma hadi Umoja na Kayole, mteja huchagua kipande chake, kikachomwa juu ya makaa, kikakatwakatwa juu ya ubao na kuliwa kwa ugali na kachumbari.

Hata hivyo, anayekichoma kidari kwa njia hiyo hujuta. Kipande kilichonunuliwa kwa mchango wa familia nzima hugeuka kikavu na kigumu, nao wageni hutafuna bila kumeza. Kosa huwa si la ng'ombe. Ni la moto mkali na haraka ya mpishi.

Kidari ni nyama ya kifua, iliyo kati ya miguu ya mbele. Ng'ombe hana mtulinga, hivyo misuli ya kifua ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wake anaposimama na kutembea. Misuli ya aina hiyo hushikanishwa na tishu ngumu za protini iitwayo kolajeni.

Kolajeni haiogopi moto. Hushindwa na muda. Nyama inapodumu kwa saa kadhaa ikiwa na joto la ndani la kati ya nyuzijoto 70 na 95 za sentigredi, tishu hizo huyeyuka na kuwa ute laini. Moto mkali hukausha maji ya nyama kabla ya mabadiliko hayo kukamilika.

Upishi huu ulipata umaarufu katika jimbo la Texas, Marekani, ambako msingi wake uliwekwa na wauzaji nyama wenye asili ya Ujerumani na Cheki waliohamia huko katika karne ya 19. Lakini chakula cha moshi si kigeni Eastlands. Samaki waliokaushwa kwa moshi wamekuwa wakiuzwa Gikomba kwa miaka mingi.

Maandalizi

Mwenye bucha aelezwe kwamba kinachohitajika ni kidari kizima cha kilo mbili na nusu au tatu, kilichotolewa mifupa lakini kikaachiwa mafuta yake ya juu. Ng'ombe wa malisho huwa na mafuta machache kuliko wale wanaonenepeshwa kwa nafaka, kwa hivyo mafuta hayo ni kinga dhidi ya ukavu. Nyama iwe na muhuri wa mkaguzi.

Jioni ya kuamkia siku ya mapishi, kidari kipakwe chumvi, takriban gramu 15 kwa kila kilo, pamoja na pilipili manga iliyosagwa, kisha kihifadhiwe ndani ya friji.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kulikata pipa la chuma na kulitia wavu, kifuniko na matundu ya hewa. Pipa lililobeba kemikali lisitumiwe. Vilevile, mabati na vyuma vilivyopakwa zinki viepukwe, kwa kuwa hutoa mvuke wenye sumu vikipata moto mkali.

Moto na subira

Makaa yawekwe upande mmoja wa pipa na nyama upande wa pili, isikae juu ya moto. Sufuria ndogo ya maji chini ya nyama husaidia kutuliza joto. Ndani ya pipa joto liwe kati ya nyuzijoto 105 na 120, likidhibitiwa kwa kufungua na kuziba matundu ya hewa. Kipimajoto ni muhimu, la sivyo mpishi atakuwa anabahatisha.

Moshi hutokana na vipande vichache vya kuni kavu za mwembe, mpera au mparachichi vinavyotupwa juu ya makaa. Msonobari una utomvu unaoleta masizi na uchungu, nazo mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ni hatari kwa afya. Moshi mwembamba ndio unaofaa. Ule mzito na mweupe huacha ladha chungu.

Joto la nyama likifika kati ya nyuzijoto 65 na 75, huenda likasimama hapo kwa saa mbili au zaidi. Nyama huwa inatoa jasho, na jasho hilo huipoza. Hapa ndipo wengi huongeza makaa na kuharibu kazi yote. Kinachofaa ni kungoja, au kuifunga nyama kwa foili.

Kidari huwa tayari kikifika karibu nyuzijoto 95, kijiti kikipenya bila kukwama. Kipande cha kilo tatu huchukua saa sita hadi nane. Kisha kiachwe kitulie kwa saa moja, na kikatwe kwa kukingama nyuzi za nyama.

Tahadhari

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inayoua. Kwa hivyo pipa lisiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye roshani iliyozingirwa, hata madirisha yakiwa wazi. Mahali pake ni uani au kwenye uwanja wazi, mbali na madirisha ya jirani.

Aidha, mnamo Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka nyama iliyosindikwa, ikiwemo ya moshi, miongoni mwa vinavyosababisha saratani. Basi hiki kiwe chakula cha sherehe, si cha kila wiki.

Kwa mpangaji wa ghorofa za Pipeline asiye na ua, kidari kilichofunikwa ndani ya sufuria nzito na kutokota kwa moto mdogo kwa saa tatu au nne kitalainika vilevile. Atakosa harufu ya moshi, lakini wageni wake watameza.