Hitilafu ya Usomaji si Upotevu wa Data

Katika makala haya tunakusudia kufafanua istilahi tatu ambazo mara nyingi hutumiwa kana kwamba zina maana moja, nazo ni kasoro, hitilafu ya usomaji na upotevu wa data. Istilahi hizi huhitajika kila mtu anaponakili data kutoka katika sidii za zamani. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili lawahusu mafundi peke yao. Sivyo. Ofisi na shule nyingi ziliweka kumbukumbu zao katika sidii. Sasa sidii hizo zinazeeka, na neno moja likitumiwa mahali pasipolifaa laweza kupeleka jalalani kitu kisichopatikana tena.

Tulilitambua jambo hili huko Igoma, Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amewahoji wavuvi wazee wa mialo ya Ziwa Victoria juu ya majina ya samaki, nyavu, pepo na sehemu za mtumbwi. Mazungumzo hayo aliyarekodi katika kanda. Mwaka 2004 yakahamishiwa katika sidii moja, na kanda zenyewe zikarekodiwa mambo mengine. Nasi, kwa kuwa tulikuwa tukikusanya msamiati wa uvuvi, tulimwomba nakala. Katika duka la kunakili, kompyuta ilifanya kazi kwa muda, kisha ikasimama na kutoa ujumbe wa Kiingereza kwamba haikuweza kusoma. Kijana wa dukani akasema, "Mwalimu, hii imekufa." Mwalimu aliipokea sidii yake kimya, akaanza kuikunja ili aitupe.

Kijana yule hakusema uongo; alifasiri vibaya. Ujumbe wa mashine ulieleza jaribio lililoshindikana. Tafsiri yake ikatangaza kifo.

Ili tuone tofauti iliyopo, yafaa tueleze kwanza jinsi sidii inavyosomwa. Sidii ni sahani ya plastiki angavu yenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Data hupangwa katika mstari mmoja unaozunguka kama koili ya dawa ya mbu, ukianzia karibu na kitovu na kuelekea ukingoni. Kiendeshi, ambacho wengi hukiita draivu, huizungusha sahani na kuimulika kwa mwali wa leza. Mwali hupenya plastiki, hugonga utando unaong'aa na kurudi. Katika sidii za kuchoma, alama hutiwa kwa joto la leza katika tabaka la rangi. Kwa hiyo kitenzi "kuchoma", kilichobuniwa na watu wenyewe, ni sahihi kabisa.

Waliounda sidii walijua kwamba itapata vumbi na mikwaruzo. Kwa sababu hiyo, katika sidii ya data, kila kipande cha baiti 2,352 hubeba baiti 2,048 tu za data yenyewe. Sehemu kubwa ya baiti zinazosalia ni za kukagua na kusahihisha. Aidha, data hutawanywa ili mkwaruzo mmoja usifute neno zima. Mashine ikikuta tofauti ndogo huisahihisha bila kumwarifu mtu. Tofauti ikizidi uwezo wake, hurudia kusoma. Ikishindwa kabisa, ndipo hutoa ujumbe.

Hapa ndipo lilipo chaguo la mfasiri. Wengine huandika "kosa la kusoma". Lakini mwanafunzi aliyekosea kusoma hutamka neno lisilokuwapo, ilhali mashine hii imekataa kutamka kwa kuwa haina hakika. Neno "hitilafu" lafaa zaidi, kwani maana yake ya asili ni tofauti, kama tunavyosema watu wamehitilafiana. Hitilafu ya usomaji basi ni tofauti kati ya kilichoandikwa na kilichosomwa, iliyoishinda mashine fulani katika jaribio fulani.

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza mgawanyo ufuatao:

1. Kasoro: dosari iliyomo katika sahani yenyewe, kama vile doa, mkwaruzo au kufifia kwa tabaka la rangi.

2. Hitilafu ya usomaji: tukio la mashine kushindwa kusoma kipande fulani. Laweza kutokea katika kiendeshi kimoja lisitokee katika kingine, hata kwa sahani isiyo na kasoro, ikiwa lenzi ina vumbi au imechoka.

3. Upotevu wa data: hali ya data kutopatikana tena kwa njia yoyote iliyopo. Istilahi hii isitumiwe kabla njia zote hazijajaribiwa.

Mgawanyo huu humwonyesha mtumiaji la kufanya. Kasoro hutazamwa kwa macho, hitilafu hujaribiwa tena, na upotevu hutamkwa mwisho. Ndivyo tulivyofanya Igoma. Tuliiosha sahani kwa maji safi na sabuni kidogo, tukaifuta kwa kitambaa laini kutoka kitovuni kwenda ukingoni. Haifutwi kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mstari wa data hudhuru kuliko unaoukata. Upande wa juu tuliugusa kwa uangalifu zaidi, maana utando unaong'aa uko chini tu ya rangi ya upande huo, na ukibanduka haurudi. Kisha tukatafuta kiendeshi kingine, tukapunguza kasi ya usomaji, na kutumia programu iitwayo ddrescue. Programu hii hunakili kwanza vipande vyepesi, huvirudia vigumu baadaye, na huweka orodha ya vilivyobaki. Kwa orodha ileile, kiendeshi cha pili kilijaza baadhi ya mapengo yaliyoachwa na cha kwanza.

Mazungumzo yote yalipatikana isipokuwa la mwisho, lililokuwa karibu na ukingo wa nje. Sauti ya mzee mmoja yakatika katikati ya maelezo ya nyavu, na mzee huyo hayuko tena wa kuulizwa. Huo ndio upotevu wa data kwa maana yake kamili. Mengine yote yalikuwa hitilafu ya usomaji, nayo yangalitupwa pamoja nalo kwa ajili ya neno "imekufa".

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri wa miongozo ya mitambo, walimu wa kompyuta na watunza kumbukumbu maofisini wazingatie tofauti hii, hasa waandikapo taarifa za vifaa vya kufutwa. Mwenye sidii za zamani na azinakili sasa, na nakala aziweke mahali pawili. Aidha, wasomaji waliosikia maneno mengine yatumiwayo na mafundi wa mahali pao kwa dhana hizi watuletee, ili tuyapime pamoja na haya tuliyopendekeza.