Baiskeli ya gia: Kabla ya kulipa, jaribu mkono wa gia

NENO bodaboda lilianzia Busia, kwenye baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria na vifurushi kati ya vituo vya Kenya na Uganda, miaka mingi kabla ya pikipiki kuichukua kazi hiyo. Baiskeli zile zilikuwa za gia moja, nazo zilitosha kwa kuwa njia yenyewe ni fupi na haina milima mikali.

Mzigo unapoelekea Burundi, Rwanda au Kabale, hesabu hubadilika. Katika barabara ya kutoka Bujumbura kupanda Bugarama, waendesha baiskeli hujishikiza nyuma ya malori ili wavutwe mlimani. Wapo waliopoteza maisha kwa mtindo huo.

Hapo ndipo baiskeli ya mtumba yenye gia, itokayo Japani au Ulaya, inapopata soko. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hutazama rangi, tairi na fremu, wakasahau kifaa kidogo kilichopo kwenye usukani, yaani mkono wa kubadilishia gia. Kikiwa kibovu, mwenye baiskeli amelipia gia 18 na atapanda mlima kwa gia moja.

Faida ya gia ni rahisi kuipima. Baiskeli yenye meno 44 mbele na 20 nyuma huzungusha gurudumu mara 2.2 kwa kila mzunguko wa pedeli. Yenye gia ikiwekwa kwenye meno 28 mbele na 28 nyuma, gurudumu huzunguka mara moja tu. Mwendo unapungua, lakini miguu inamudu mzigo ambao ungemlazimu mtu kushuka na kusukuma.

Aina tano sokoni

Ya kwanza ni mkono usio na alama, ambao hausikiki "tik" unapousogeza. Mwendeshaji huuvuta mpaka cheni ikae mahali pake. Unahitaji mazoea, lakini ndio unaosamehe makosa kuliko yote. Waya ukilegea, mtu huvuta zaidi kidogo. Friwili ikibadilishwa kutoka meno ya ngazi 6 hadi 7, mkono uleule huendelea kufanya kazi. Kwa aliye mbali na duka la vipuri, huo ni utajiri.

Ya pili ni mkono wa dole gumba wenye "tik". Kila mlio ni gia moja. Kampuni ya Shimano ya Japani ndiyo iliyoueneza mfumo wa "tik" kuanzia mwaka 1984. Baadhi ya mikono hii ina kitufe cha kuondoa mlio, ikabaki kama ile ya kwanza. Akikutana nayo, mnunuzi asiiache.

Ya tatu ni ya kuzungusha, inayokaa pale mkono unaposhika usukani. Ni rahisi na ina vipande vichache ndani. Udhaifu wake ni mpira kulika, na kiganja chenye jasho au kilicholowa mvua huteleza. Mwenye mzigo mzito anayeukamata usukani kwa nguvu anaweza pia kubadili gia bila kutaka.

Ya nne ni ya kubonyeza kwa vidole, yenye vijiti viwili, kimoja cha kupandisha na kingine cha kushusha. Ni nyepesi kutumia, na mkono hautoki kwenye breki. Ndani yake, hata hivyo, mna springi na vijino vidogo. Baiskeli ikikaa ghalani kwa miaka, grisi huganda na kijiti hubonyea bila kushika. Mara nyingi dawa yake ni kunyunyizia mafuta mepesi ndani na kubonyeza mara nyingi mpaka grisi ilainike. Muuzaji anayejua siri hii hununua kwa bei ya kibovu na kuuza kwa bei ya kizima.

Ya tano haina cheni inayorukaruka nyuma, kwa sababu gia zake zimefichwa ndani ya haba ya gurudumu. Baiskeli nyingi za mjini za Japani zina gia 3 za namna hiyo, na Waingereza wa Sturmey-Archer wamezijulisha dunia tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mvua na matope haviziingii kwa urahisi, na gia hubadilishwa hata baiskeli ikiwa imesimama. Lakini haba ikivunjika ndani, si kila fundi wa barabarani ataifungua.

Mikono ya baiskeli za mashindano, iliyounganishwa na breki, ni ghali na migumu kutengeneza. Haifai kwa biashara ya mizigo.

Vipuri lazima vioane

Hasara kubwa zaidi huja wakati wa kubadilisha kipuri. Mkono wa "tik" 7 unataka friwili ya ngazi 7. Tena, Shimano na SRAM ya Marekani hawavuti waya kwa kipimo kimoja katika vifaa vyao vingi, hivyo mkono wa huyu na kihamisha cheni cha yule huweza kukataana. Anayenunua vipuri Kampala ili avifunge Goma ni vyema abebe kile cha zamani kama mfano.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ainue gurudumu la nyuma, azungushe pedeli, apite gia zote kwenda na kurudi. Kisha aipande na kuikanyaga kwa nguvu kwenye gia ya mlima. Cheni ikiruka, meno yamelika au waya haujarekebishwa, na bei ishuke.

Mpakani napo kuna jambo. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baiskeli ya mtumba ya Japani haimo, hata kama ilinunuliwa Mombasa au Dar es Salaam. Ushuru wake uulizwe forodhani na uingizwe kwenye hesabu kabla ya kununua, la sivyo faida itabaki mpakani.