Avunjaye Sheria Akidai Haki: Aadhibiwe au Asamehewe?

Mtoto wa askari haachi kusikiliza redio kwa sababu baba yake yuko zamu. Husikia habari za maandamano ya nchi jirani, na baba arudipo nyumbani, hata kabla hajavua sare, humuuliza: mtu aliyeandamana bila kibali kwa kuwa ana njaa, je, naye ni mhalifu kama mwizi? Ni swali zito. Baba asiyelijibu huwaachia wapita njia kumjibia mwanawe.

Kwa upande wa sheria, jambo hili liko wazi. Katiba ya Rwanda inatambua uhuru wa kukusanyika kwa amani, lakini sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2018 inayahesabu kuwa kosa maandamano yaliyofanywa bila kibali palipohitajika kibali. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama kosa limetendeka. La kufikiriwa ni adhabu: itolewe na nani, kwa kipimo gani, na baada yake mkosaji awe nani katika jamii.

Wako wasemao kwamba anayedai haki asiguswe kamwe. Wazee wa Kigali wanayo sababu ya kulikataa neno hilo. Mwaka 1992 Interahamwe, yaani vijana wa chama cha MRND, walifunga barabara za mji huu na kuwapiga watu, wakisema kwamba wanaandamana kwa ajili ya siasa yao. Aghalabu hakuna aliyewafikisha mbele ya hakimu. Wakajifunza kwamba sheria haina meno, na mwaka 1994 vizuizi vya barabarani vikawa mahali pa kuulia watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Siasa isiwe vazi la kumfichia mtu anayepiga, anayechoma na anayeua.

Lakini upande wa pili nao una makaburi yake. Mwezi Februari mwaka 2018, wakimbizi Wakongo wa kambi ya Kiziba, wilayani Karongi, walitoka kambini wakaenda kupiga kambi mbele ya ofisi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi. Posho yao ya chakula ilikuwa imepunguzwa kwa robo, kwa kuwa wafadhili hawakutoa fedha za kutosha. Maandamano yao hayakuwa na kibali. Polisi walieleza kwamba walirushiwa mawe na vyuma, na kwamba baadhi yao walijeruhiwa. Risasi zilipigwa, na Shirika hilo la Wakimbizi likasema kwamba watu wasiopungua 11 walipoteza maisha. Zaidi ya 60 walikamatwa, na baadhi yao wakahukumiwa kifungo.

Hapo ndipo penye fundisho kwa kila avaaye sare. Aliyerusha jiwe alistahili kukamatwa na kushtakiwa. Mama aliyekaa chini na mwanawe akidai unga alikuwa na kosa pia mbele ya sheria, lakini si kosa la kufia. Risasi haiwezi kuwatenganisha wawili hawa, hakimu anaweza. Waliokufa hawakupata nafasi ya kuulizwa ni nani kati yao alirusha jiwe na nani alikaa tu.

Kupima makosa si jambo geni kwa Wanyarwanda. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwezi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zipatazo milioni mbili, hazikumhukumu aliyepora mabati sawasawa na aliyeongoza mauaji. Mporaji alidaiwa fidia. Wengi waliokiri na kuomba radhi walipunguziwa kifungo, na sehemu yake wakaitumikia kwa kazi za manufaa ya jamii, kama kulima matuta na kutengeneza barabara. Gacaca zilikuwa na kasoro zao, na wapo waliozilalamikia. Hata hivyo, ikiwa taifa liliweza kupima makosa makubwa kuliko yote, litashindwaje kupima kosa la kutembea barabarani bila karatasi?

Tanzania nayo ilikabiliwa na jambo kama hili. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara kwa miezi kadhaa. Bango moja lilithubutu kusema kwamba wakati wa ukoloni hali ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao wanafunzi wapatao 400. Hawakupelekwa mahakamani, na hiyo ni ila, kwa sababu hasira ya kiongozi, hata awe mwema, si hukumu. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa maana alikuwa amesikia kwamba wakubwa wanakula zaidi ya wanaowahubiria kujinyima. Na mwaka uliofuata wengi wa vijana hao wakaruhusiwa kurudi masomoni. Waliadhibiwa, wakasikilizwa, wakarudishwa.

Basi baba na mama wana la kumjibu mtoto. Anayevunja sheria kwa kudai haki anaweza kuadhibiwa, lakini aadhibiwe kwa alichokitenda, si kwa alichokiamini. Aliyemwaga damu au kuchoma nyumba asijifiche nyuma ya bango. Aliyetembea tu bila kibali, mikono mitupu, adhabu yake iwe nyepesi, na malalamiko yake yajibiwe, kwani njaa haifungwi gerezani. Mahali ambapo barua hazijibiwi na viongozi hawakutani na watu, barabara ndiyo hugeuka kuwa ofisi ya malalamiko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na askari mwenyewe, ambaye ndugu yake huenda amesimama upande wa pili wa mstari, akumbuke mpaka wa kazi yake. Yeye si mtunga sheria, wala si hakimu. Amekabidhiwa amani ya barabara na uhai wa wote walio juu yake. Akimfikisha mkosaji mahakamani akiwa hai na mzima, ametimiza wajibu wake, na hakuna mtoto atakayeona haya kutaja kazi ya baba yake au ya mama yake.