Kalkulasi au Takwimu: Hisabati ya Mwaka wa Mwisho Marekani

Kila mwanzo wa mwaka, wanafunzi wengi wa darasa la 11 nchini Marekani hujaza fomu ya masomo watakayosoma darasa la 12, mwaka wao wa mwisho wa sekondari. Kwenye hisabati ndipo mvutano wa nyumbani huanza. Binti anataka takwimu. Baba, aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) Tanzania, anashikilia kwamba mwenye kichwa husoma kalkulasi.

Baba ana sababu zake. Kwao mambo yaliamuliwa mara moja, mtu alipoingia kidato cha tano: wa PCM na EGM (uchumi, jiografia na hisabati) walisoma Advanced Mathematics, wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) wakasoma BAM, hisabati ya msingi. Marekani hakuna kombi kama hizo. Kila somo huchaguliwa peke yake, mwaka hadi mwaka, na uamuzi wa darasa la 12 huwa umeanza kufanyika miaka minne nyuma. Ngazi ya kawaida ni Aljebra 1, Jiometri, Aljebra 2, Precalculus, kisha kalkulasi. Anayeanza Aljebra 1 darasa la 9 anamaliza sekondari akiwa Precalculus. Ili afike kalkulasi kwa mwendo wa kawaida, inabidi Aljebra 1 aisome darasa la 8.

Tena si kila shule inayo kalkulasi. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2020–21 zinaonyesha kuwa karibu nusu ya sekondari zilifundisha somo hilo. Katika shule zenye wanafunzi wengi Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, zilikuwa asilimia 35 tu. Ni dhuluma kumpima mtoto kwa somo ambalo shule yake haikumpa.

Kozi hizi zinapokuwepo, zinazozungumziwa zaidi ni za AP, mpango wa College Board wa masomo ya kiwango cha chuo. Mitihani hufanyika Mei na alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia mwanafunzi kozi hiyo akipata 3. Vingine hudai 4 au 5. Calculus AB inakaribia muhula mmoja wa chuo, BC inakaribia miwili. Takwimu ya AP ilianza kutahiniwa mwaka 1997.

Tofauti ya masomo haya huonekana kwenye kazi yenyewe. Jiwe likidondoshwa kutoka juu ya jengo, umbali linaoanguka kwa mita ni takribani 5 mara mraba wa muda kwa sekunde. Baada ya sekunde 3 limeshuka mita 45. Je, wakati huo huo lina kasi gani? Kati ya sekunde 3 na 3.1, wastani ni mita 30.5 kwa sekunde. Kati ya 3 na 3.01, ni 30.05. Kadiri muda unavyofupishwa, jibu linasogelea 30. Kalkulasi humfundisha mwanafunzi kulifikia jibu hilo kwa uhakika, na bila hiyo uhandisi na fizikia haviendi.

Takwimu huuliza maswali ya namna nyingine. Mwaka 1954, chanjo ya polio ya Jonas Salk ilijaribiwa Marekani. Katika sehemu moja ya jaribio, watoto wapatao 400,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walichomwa chanjo, nusu kimiminika kisicho na chanjo, na wala watoto wala madaktari hawakujua nani kapata nini. Waliougua polio walikuwa takribani 28 kwa kila 100,000 waliochanjwa, na 71 kwa kila 100,000 wasiochanjwa. Kwa nini mgawanyo uwe wa bahati nasibu? Je, tofauti hiyo yaweza kutokea kwa sadfa tu? Hayo ndiyo maswali ya kila siku ya muuguzi, mtafiti wa afya ya jamii na mwanasaikolojia.

Kwa hiyo, anayelenga uhandisi, fizikia, sayansi ya kompyuta au uchumi achague kalkulasi kama ngazi yake inamruhusu. Anayelenga uuguzi, saikolojia au sayansi ya siasa atanufaika zaidi na takwimu. Anayetaka biashara aangalie kwanza, maana vyuo kadhaa vya biashara vinadai kalkulasi. Na ambaye aljebra bado inamsumbua asirukishwe: Precalculus iliyoeleweka vizuri inamfaa kuliko kalkulasi ya kukariri. Ambaye shule yake haina kozi anayoihitaji aulizie chuo cha jamii kilicho karibu, kwani majimbo mengi huruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma huko.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha hisabati kabisa mwaka huo. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, hudai miaka mitatu ya hisabati lakini hupendekeza minne. Aliyepumzika mwaka mzima huingia kwenye mtihani wa kupangiwa darasa chuoni akiwa amesahau mengi, na huenda akajikuta akilipia kozi ya marudio.

Mzazi, kabla hujasaini fomu hiyo, kaa na mwanao mfungue kurasa za vyuo viwili au vitatu anavyovitaka, msome masharti ya fani yake, kisha mwende pamoja kwa mshauri wa shule. Na kama una mwingine aliye darasa la 7, ulizia Aljebra 1 siku hiyo hiyo.